Nani apite kwanza? Siasa za foleni ndani ya swichi

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kahamia chama gani na nani kamjibu nani. Nataka tuongelee kile kiboksi cha bati kilichofungwa ukutani nyuma ya kaunta ya kafe unayokaa saa hizi, chenye waya kibao na vitaa vya kijani vinavyowakawaka. Kinaitwa swichi. Wengi wetu tunakipita kama tunavyopita mita ya umeme. Lakini mimi nasema humo ndani kuna siasa, tena nzito, maana kila sekunde kuna uamuzi unafanyika: nani apite, nani asubiri, nani atupwe nje.

Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho halafu ndo unipige madongo huko chini kwenye maoni kama kawaida yenu.

ILIVYOANZA

Kuna kafe moja ya mtaani ambayo huwa naisaidia mambo ya mtandao. Ina mashine 18, printa mbili, skana moja, na laini ya intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde za kushusha na 5 za kupandisha. Mwenye kafe akaniita: wateja wanalalamika, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja usiku mtandao unatambaa kama konokono. Akanambia, "Mdogo wangu, wale wateja wangu wa chumba cha ndani wanalipa mara mbili. Hao wasikwame. Wengine watavumilia."

Swichi yake ilikuwa ile ya kusimamiwa, yaani unaingia ndani yake kwa kivinjari unaipangia kazi. Siyo ile bubu ya bei poa ambayo unachomeka waya tu basi. Nikaingia. Kila kitu kinachotoka kwenye mashine nne za chumba cha ndani nikakibandikia lebo ya kipaumbele cha juu, nikaiambia rauta iiheshimu hiyo lebo, nikachukua changu nikaondoka. Kazi ya dakika 40 na soda juu.

Siku chache baadaye ilikuwa lala salama ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mnajua hali inavyokuwa. Kafe imejaa vijana na bahasha zao za kaki: cheti cha kuzaliwa, fomu zilizosainiwa, picha, vyote viskaniwe vipandishwe. Mimi nilikuwa nimepita tu kumsalimia kijana wa kaunta. Dada mmoja kwenye mashine ya 11 anapandisha viambatanisho vyake, vinafika katikati, vinakata. Anaanza upya, vinakata. Mara ya nne akainamisha kichwa kwenye kibodi, akawa analia kimya kimya. Alikuwa ametoka kijijini asubuhi kwa basi na gari la mwisho la kurudi lilikuwa saa kumi na moja.

Na chumba cha ndani je? Jamaa wawili wanaangalia mpira, mmoja yuko kwenye gemu, mmoja anashusha muvi kwa torenti, na torenti kama mnavyoijua, huku inashusha huku inapandisha. Kwao mambo safi kabisa, picha haikwami hata mara moja.

Hapo siwezi kumsingizia mtu. Mwenye kafe alitaka, lakini mkono ulioandika ile amri ni wangu. Nikamwomba kijana wa kaunta mashine yake, nikafuta nilichokuwa nimeweka, na maombi ya yule dada yakapita. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu. Viambatanisho vyake vilikuwa kama megabaiti 2. Kwenye laini ya kupandisha ya megabiti 5, hiyo ni kazi ya sekunde 3 na kidogo. Sekunde tatu jamani! Mtu nusura akose mwaka wa chuo kwa kunyimwa sekunde tatu na torenti ya muvi.

Toka siku hiyo hili jambo silioni tena kama la mafundi peke yao.

NDANI KUNA NINI HASA

Kwa wale wageni wa mambo haya, tuelewane kwanza. Ukituma kitu chochote kwenye mtandao, kinakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kwenye waya wa kawaida wa kafe, pakiti moja inabeba si zaidi ya baiti 1,500. Swichi inapokea pakiti kutoka mlango huu na kuitoa mlango ule. Zikija polepole hakuna neno, zinapita. Zikija kwa kasi kuliko zinavyotoka, zinapanga foleni kwenye kumbukumbu ndogo ya swichi. Foleni ikijaa, zinazofuata zinatupwa, na aliyezituma inabidi azitume tena.

Kama hujapanga chochote, ni aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza, kama foleni ya maji bombani. Inaonekana ni haki, ila kuna ujanja humo. Mwenye ndoo moja na mwenye mapipa 30 wote wako foleni ileile. Torenti ni mtu wa mapipa, na mapipa yake kayasambaza kila mahali kwenye foleni. Ukija na kidumu chako cha fomu, unakuta mapipa mbele na mapipa nyuma.

Hapo ndo inakuja kazi ya kupanga vipaumbele. Ina hatua nne. Kwanza unaainisha: hii ni sauti, hii ni video, hii ni fomu, hii ni torenti. Pili unabandika lebo. Tatu unagawa foleni: badala ya foleni moja, swichi nyingi zina foleni 4 au 8 kwa kila mlango. Nne unaamua foleni zihudumiwe kwa mtindo gani.

Hizo lebo zina historia yake. Mwaka 1981, kanuni za msingi za itifaki ya intaneti zilipoandikwa, kila pakiti iliachiwa biti 3 za kutaja umuhimu wake, yaani viwango 8. Na majina ya viwango hivyo yalifuata mtindo wa jeshi la Marekani la kupanga ujumbe wa simu za maandishi: wa kawaida, wa haraka, wa haraka zaidi, mpaka juu kabisa. Si ajabu, maana utafiti uliozaa intaneti ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka 1998 ile sehemu ikapangwa upya ikawa biti 6, yaani lebo 64 tofauti. Ya sauti mara nyingi huwa ni namba 46. Ngazi ya chini, ya waya wenyewe, kuna lebo nyingine ya biti 3, inayoanzia 0 mpaka 7, ambayo mafundi wanaiita 802.1p. Na hapo kuna kichekesho: kwa mapendekezo ya wenye viwango, 1 iko chini ya 0! Sifuri ni huduma ya kawaida, moja ni zile kazi za nyuma ya pazia zinazoweza kusubiri. Fundi asiyejua hilo anaweza kumpandisha mtu cheo kumbe amemshusha.

MAKOSA YANGU, ILI WEWE USIYARUDIE

Kosa la kwanza ni kutumia foleni ya upendeleo kamili bila kuiwekea ukomo. Kwenye mtindo huu, ilimradi kuna hata pakiti moja kwenye foleni ya wakubwa, wadogo hawaguswi. Mafundi wana neno lao kwa kinachotokea: njaa. Foleni ya chini inakufa njaa, na ndicho kilichompata yule dada. Mtindo mwingine ni wa zamu kwa uzito: foleni hii inapewa, tuseme, pakiti 8, ile 4, ile 2, ile 1, halafu tunaanza tena. Wa mwisho anapata kidogo ila anapata. Ile ya upendeleo kamili iachie sauti peke yake, nayo iwekee kikomo.

Na sauti inastahili, hesabu hiyo hapa. Simu moja ya mtandao kwa mfumo wa G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenye waya. Kwenye laini ya megabiti 20 haifiki hata nusu asilimia. Muvi ya gigabaiti 2 kwenye laini hiyo ikiwa tupu inashuka kwa dakika 13 na sekunde 20. Ukiipisha simu ipite mbele muda wote huo, muvi inachelewa sekunde 4 hivi. Mwenye muvi hatajua. Ila ukifanya kinyume, simu inakufa, maana sauti haiwezi kungoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti ichelewe isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri.

Wakongwe wa kafe mnakumbuka enzi za dishi la setilaiti kabla ya 2009? Setilaiti ile iko karibu kilomita 36,000 juu, kwa hiyo kupanda na kushuka tu ni kama milisekunde 240. Ndo maana kila simu ilikuwa "haloo... haloo... unanisikia?" halafu wote mnaongea kwa pamoja. Pale hakuna kipaumbele ambacho kingesaidia. Upendeleo kwenye foleni haufupishi safari.

Kosa la pili ni kudhani tatizo liko kwenye swichi. Milango ya swichi ya siku hizi ni gigabiti 1, laini yenyewe ni megabiti 20. Foleni haijengeki kwenye barabara pana, inajengeka pale inapobana, yaani kwenye rauta, au mbaya zaidi kwenye mitambo ya mtoa huduma ambako wewe huna mkono. Kinachosaidia ni kuiambia rauta itume chini kidogo ya uwezo wa laini, tuseme asilimia 90. Unapoteza kidogo, ila foleni inabaki kwako na wewe ndo trafiki wa njia panda. Swichi kazi yake hapo ni kubandika lebo. Rauta ndiyo inayopanga.

Kosa la tatu ni kuamini lebo za watu. Mashine yoyote inaweza kujibandikia yenyewe cheo cha juu. Kama swichi inaamini kila lebo inayoingia, kijana mjanja wa mashine ya 5 anajifanya yeye ni simu ya dharura. Kwa hiyo unaweka mpaka: kutoka kwa wateja huamini lebo, unaibandika wewe. Na tahadhari kwa mafundi wenzangu wa swichi za Cisco za zamani kama Catalyst 2960. Ukiandika tu amri ya mls qos ukaondoka, swichi inaanza kufuta lebo zote zinazoingia na kuzifanya sifuri mpaka uiambie iamini mlango gani. Watu wameshinda usiku mzima wanatafuta mchawi kumbe ni wao wenyewe.

La nne, na hili ndo mama yao: kupanga foleni hakuongezi njia. Ukimpa mmoja, umemnyang'anya mwingine. Swichi haina huruma na haina chuki, inatii. Wa kuulizwa ni aliyeipangia.

SASA TUPANDE JUU KIDOGO

Hadithi ya kafe yangu ndo hadithi ya dunia, tofauti ni ukubwa tu. Marekani wamepigana juu ya hili zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2007 jamaa mmoja anaitwa Robb Topolski, mpenzi wa nyimbo za zamani za kuimba sauti nne, aligundua kwamba torenti zake zinakatwakatwa. Akachimba, akaona mtoa huduma wake, Comcast, anatuma pakiti bandia za kuziambia mashine mbili zikate mazungumzo. Oktoba 2007 shirika la habari la AP likajaribu lenyewe. Mnajua walishusha nini? Biblia! Faili lisilo na mwenyewe wa kulalamika, halali kabisa, nalo likakwama. Agosti 2008 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaiambia Comcast iache mchezo huo. Comcast wakaenda mahakamani, na Aprili 2010 mahakama ikasema tume haikuwa na mamlaka hayo.

Kuanzia hapo ikawa danadana. Tume ikaandika kanuni mpya 2010, mahakama ikafuta sehemu kubwa Januari 2014. Mwaka 2015 chini ya Obama ikaandika nyingine kali zaidi: hakuna kuzuia, hakuna kubana kasi, hakuna kuuza njia ya haraka. Desemba 2017 chini ya Trump zikafutwa. Aprili 2024 chini ya Biden zikarudishwa. Tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa tena. Sheria ya jimbo la California ya 2018 imebaki ikishikilia msimamo huo kwa upande wake. Ulaya wao walipitisha kanuni yao 2015 ya kuwataka watoa huduma wasibague data.

Sasa wapo wanaosema haya yote ni kelele, soko litajipanga. Sawa. Mwaka 2018, California ikiungua kwa moto mkubwa wa Mendocino, zimamoto wa kaunti ya Santa Clara walikuwa na gari la mawasiliano linalotumia laini ya Verizon. Walipovuka kiwango cha data, kasi ikabanwa mpaka kama sehemu moja ya 200 ya kawaida. Moto unawaka, wao wanaandikiana na huduma kwa wateja, wanaambiwa wanunue kifurushi kikubwa zaidi. Verizon baadaye walikiri kwamba ilikuwa kosa lao kutoondoa kizuizi wakati wa dharura, na wakasema haihusiani na zile kanuni za FCC. Na kweli, kisheria ile ilikuwa habari ya kifurushi kuisha. Ila mimi naitazama kama fundi: kulikuwa na mashine mahali fulani iliyopangiwa sheria, na aliyeipanga hakufikiria zimamoto. Kama mimi nisivyofikiria fomu ya mkopo.

NA HUKU KWETU JE?

Hapa ndo patamu. Huku kwetu ubaguzi wa data mara nyingi hauji kwa kubana kasi. Unakuja kama zawadi.

Oktoba 2014 Facebook walileta mpango wao wa Internet.org Tanzania kupitia Tigo, baada ya kuanzia Zambia Julai mwaka huohuo, na Novemba wakaingia Kenya kupitia Airtel. Unapata kurasa fulani bure, Facebook ikiwemo, kwingine ulipie. Watu tulishangilia, hata mimi. India walipoletewa kitu hichohicho walibishana karibu mwaka mzima, na tarehe 8 Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ikapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kuangalia mtu anafungua nini. Hoja yao ilikuwa rahisi: mwenye bomba akianza kuchagua maji ya bure ni yapi, kesho mtoto wa Bangalore mwenye tovuti yake nzuri hatapata mteja hata mmoja.

Angalia vile vifurushi vya WhatsApp na mitandao ya kijamii ambavyo tumezoea kununua hapa Afrika Mashariki. Ni rahisi, nakubali, na kwa mtu mwenye jero mfukoni si la kumcheka. Lakini jiulize kwa nini kijana wa Kitanzania mwenye programu yake ya kuuzia mahindi anapambana na programu ya Kimarekani iliyowekewa bei ya chini. Ile ni lebo namba 46, tofauti yake imebandikwa kwenye bei.

Uganda walikwenda upande wa pili. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia Facebook, WhatsApp, Twitter na wenzao. Bila kulipa, hupiti. Julai 2021 wakaiondoa, wakaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data. Unaweza kuichukia hiyo ya pili kwa ughali wake, lakini angalau haiangalii unafungua nini.

Halafu kuna siku ambayo njia yenyewe inakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na sisi Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine tukabaki tunahema. Siku kama hiyo njia iliyobaki ni nyembamba, na ndo siku unaona maana ya kipaumbele. Mwenye mkataba wa njia mbadala kwenye waya mwingine alipita. Kafe ya mtaani ilikaa inazungusha kile kiduara. Hospitali, benki, wakala wa pesa za simu, mtoto anayetuma maombi ya chuo: nani alipangwa wa kwanza? Je, mpango huo umeandikwa mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kuusoma? Mimi sijawahi kuletewa na mtoa huduma yeyote niliyefunga naye laini.

Na kuna kuzimwa kabisa. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi mitandao ya kijamii Tanzania ilibanwa. Uganda Januari 2021 intaneti ilizimwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti hapa nchini ilikatika kwa siku kadhaa. Kwangu hilo nalo ni suala la vipaumbele: foleni zote zimepewa sifuri. Kifaa kinachoweza kumpisha mtu ndicho kinachoweza kumzuia, tofauti ni mstari mmoja wa amri.

MSIMAMO WANGU

Sasa kuna wadau wataniambia: basi tuache data zote sawa, kusiwe na kipaumbele. Mimi nakataa. Nimeshakuonyesha hesabu ya simu na muvi. Usawa wa kuwaweka mwenye kidumu na mwenye mapipa kwenye foleni moja si usawa. Gari la wagonjwa lazima lipishwe. Shida ni pale msafara wa mtu mwenye hela unapowasha king'ora nao ukapita kama gari la wagonjwa.

Kwa hiyo nagawa hivi. Kuangalia aina ya kazi ni halali: sauti mbele, fomu na kurasa zifuate, mashusho makubwa yasubiri, na hakuna anayekufa njaa. Kuangalia ni kazi ya nani, au kalipa nani pembeni, au kaandika nini, hiyo si ufundi tena. Ni mambo mengine yaliyovaa kofia ya ufundi. Kanuni ya Ulaya ya 2015 inakaribia hapohapo: mtoa huduma anaruhusiwa kusimamia foleni kwa sababu za kiufundi, kwa uwazi, si kwa sababu za biashara.

Na wenzetu wa TCRA na wa Kenya na Uganda, hili ni la kuwauliza bila matusi: kila kampuni itangaze inabandika lebo gani, inabana nini, saa ngapi, na nyaya zikikatika nani anapita kwanza. Hatuombi siri za biashara, tunaomba ratiba ya foleni tunayopanga na kulipia. Hata mgao wa umeme huwa unatolewa ratiba.

Kule kafe nilirudi nikaongea na mwenye nayo. Tulibishana, maana ana kodi ya pango na yeye, na wateja wa chumba cha ndani ndo wanaomlipia. Tukaafikiana hivi: wao wanaendelea kulipa zaidi, ila wanalipia kiti kizuri, feni na skrini kubwa. Foleni inaangalia kazi. Sauti na mahojiano ya video mbele kwa kikomo, fomu na kurasa zinafuata, mpira baada ya hapo, torenti mwisho kabisa. Kanuni tumeziandika kwenye karatasi, zimebandikwa ukutani pembeni ya bei ya printi. Wateja wawili wa ndani wamehama. Yeye bado ananikumbusha kila nikipita.

JARIBU MWENYEWE

Kabla hujalogaut, fanya hivi. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri kwenye Windows, andika ping 8.8.8.8 -t, uangalie zile namba za milisekunde kama dakika moja. Halafu mwambie rafiki yako mashine ya pili aanze kupandisha video ndefu. Angalia tena. Namba zikipanda kidogo tu, kafe yako ina mtu aliyepanga foleni vizuri. Zikiruka kutoka 40 kwenda 600, wote mko foleni moja na mwenye mapipa. Na kama zako zinaruka lakini za jamaa wa kona ile ziko palepale, basi kuna mtu kapishwa. Muulize kijana wa kaunta kwa upole: hapa nani anapita kwanza, na nani kaamua?

Tupia majibu yako kwenye maoni, taja mji na namba ulizopata, jina la kafe liache. Mafundi mlioko Gulf na Ulaya, nanyi tuambieni huko mnapangaje, na kama nimekosea popote nisahihisheni. Ila ukija na hoja ya "anayelipa zaidi apite," anza kwa kunijibu habari ya zile sekunde tatu.

Naomba kuwasilisha.